Filamu za kutisha zinawahukumu upya waliosingiziwa uchawi

Mwaka 2022 Bunge la jimbo la Massachusetts, Marekani, lilimfutia hatia Elizabeth Johnson, mtu wa mwisho ambaye jina lake lilikuwa bado halijasafishwa tangu kesi za uchawi za 1692 na 1693 katika mji wa Salem. Miaka 329 ilikuwa imepita. Waliolisukuma jambo hilo ni wanafunzi wa darasa la nane na mwalimu wao, baada ya kuona kwamba mwanamke huyu aliachwa nje kila mara wenzake waliposafishwa. Mwaka huohuo, Machi 8, Nicola Sturgeon, aliyekuwa Waziri Kiongozi wa Scotland, aliomba radhi rasmi kwa maelfu walioteswa chini ya Sheria ya Uchawi ya 1563. Mei 2023 Connecticut nayo ikawafutia hatia watu 12 iliowahukumu katika karne ya 17. Sambamba na maamuzi hayo limekuja wimbi la filamu za kutisha zinazochota kwenye historia hiyohiyo, na wachambuzi wengi wameyatia mambo haya mawili kwenye kapu moja. Wanasema dunia imeanza kuwakumbuka waliouawa: bunge kwa azimio, sinema kwa kamera.

Nadhani wamekosea, na kosa lenyewe si dogo. Mabunge yanafuta hukumu, lakini sehemu kubwa ya filamu hizi inaisoma upya hukumu ileile kwa sauti kubwa zaidi. Inafanya hivyo kwa njia mbili. Ya kwanza ni kumfanya mchawi awe kweli, hivyo mtazamaji anaondoka akiamini kwamba waliomshtaki walikuwa na sababu. Ya pili, ambayo inaonekana ya haki zaidi, ni kumgeuza mwindaji wa wachawi kuwa dubwana, mtu mmoja mwovu aliyeleta maafa yote. Njia zote mbili zinamwachia huru mhusika mkuu wa historia hii, ambaye ni jirani wa kawaida aliyekwenda kutoa ushahidi na kurudi nyumbani kula chakula cha jioni.

Neno lenyewe linatutega kabla hata filamu haijaanza. Kwa Kiswahili tunasema kirahisi tu kwamba “wachawi walichomwa moto Salem”. Sentensi hiyo ina makosa mawili. Salem hakuchomwa mtu: watu 19 walinyongwa, mzee mmoja, Giles Corey, aliuawa kwa kurundikiwa mawe kifuani kwa sababu alikataa kujibu mashtaka, na wengine walifia gerezani. Kosa la pili ndilo zito zaidi. Ukishasema “wachawi” umeshatoa hukumu. Waliokufa walikuwa wakulima, wajane, wake wa watu, hata mchungaji mmoja wa zamani wa kijiji hicho, George Burroughs. Hivyo katika makala hii ninawaita waliosingiziwa, kwa sababu ndivyo walivyokuwa.

Ukubwa wa jambo hili haupaswi kupuuzwa. Ulaya, kati ya karibu mwaka 1450 na 1750, wanahistoria wanakadiria kuwa watu kati ya 40,000 na 60,000 waliuawa kwa tuhuma za uchawi. Takriban robo tatu yao walikuwa wanawake, ingawa zipo sehemu kama Iceland ambako wengi walikuwa wanaume. Maeneo ya Ujerumani ya leo ndiyo yaliyoathirika zaidi. Mengi ya mauaji haya hayakufanywa na kundi la watu wenye mienge usiku, kama sinema inavyopenda kuonyesha. Yalifanywa mchana, na mahakama, kwa karani na wino. Kulikuwa na fomu za maswali, kulikuwa na gharama za kuni zilizoandikwa kwenye daftari. Kwangu mimi hapo ndipo hofu ilipo, na ndipo kamera inapopita haraka kuliko kote.

Chukua The Conjuring ya mwaka 2013, filamu iliyoingiza zaidi ya dola milioni 300 na kujitangaza kuwa imetokana na kisa cha kweli. Familia inahamia nyumba ya shambani Rhode Island, na mapepo yanaanza. Chanzo chake, tunaambiwa, ni Bathsheba Sherman, mwanamke wa karne ya 19 aliyemtoa kafara mtoto wake mchanga kwa shetani kisha akajinyonga kwenye mti. Bathsheba Sherman alikuwa mtu halisi. Hakujinyonga, alifariki mwaka 1885 na kuzikwa makaburini kama watu wengine, na jiwe la kaburi lake limeharibiwa na watu wanaoamini hadithi hiyo. Lakini kuna jambo linaloniuma zaidi, na watazamaji wengi hulipita bila kulisikia. Katika kueleza uovu wa Bathsheba, filamu inasema alikuwa na undugu na Mary Towne Eastey wa Salem.

Mary Eastey ni nani? Ni mama wa watoto wengi aliyenyongwa Septemba 22, 1692, na dada yake Rebecca Nurse alikuwa ameshanyongwa miezi miwili kabla. Akiwa anasubiri kamba, aliandika ombi kwa majaji. Hakuomba maisha yake. Alisema anajua lazima atakufa, ila akaomba damu nyingine isiyo na hatia isimwagike, na akapendekeza njia: wale wasichana wanaodai kuteswa na mizuka watenganishwe kwa muda na wahojiwe kwa makini. Ni pendekezo ambalo mpelelezi yeyote wa leo angelitoa siku ya kwanza. Mwanamke mwenye akili na moyo wa namna hiyo, miaka 321 baadaye, jina lake linatumika kama vyeti vya kuzaliwa vya mchawi. Massachusetts ilimwondolea doa hilo mwaka 1711, na mstari mmoja wa maongezi kwenye filamu ukamrudishia mbele ya mamilioni.

Niliitazama filamu hiyo sebuleni nikiwa na ndugu zangu. Kabla Bathsheba hajatajwa, binamu yangu alipiga paja akasema, “Lazima kuna mama mmoja hapo.” Hakuwa ameonyeshwa ushahidi wowote. Filamu ilikuwa imemfundisha, ndani ya saa moja, kusubiri jina la mwanamke, na jina lilipokuja sote tulipumua. Nimeufikiria sana ule mpumuo. Ndio huohuo uliopita kwenye vyumba vya mahakama.

Sasa, upande wa pili una hoja, na mojawapo ni nzito. Watetezi wa The Witch ya Robert Eggers, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2015, wanasema filamu hiyo inaheshimu historia kuliko nyingine yoyote. Imewekwa New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani ya leo, ya miaka ya 1630, katikati ya familia ya Wapuritani, Wakristo wa msimamo mkali, waliofukuzwa kijijini na kwenda kuishi pembezoni mwa msitu. Mwishoni maandishi yanatueleza kuwa sehemu kubwa ya maongezi imetoka kwenye shajara na kumbukumbu za mahakama za enzi hizo. Mchawi wa filamu hiyo ni wa kweli: anamwiba mtoto mchanga, anamponda, anajipaka. Watetezi wanasema hiyo ndiyo dunia ambayo watu wale waliishi. Kwao msitu ulikuwa na wachawi kama ulivyokuwa na mbwa mwitu, na msanii anayetaka tuingie kichwani mwao hana budi kutuonyesha walichokiamini, badala ya kuwacheka kutoka karne ya 21.

Naiheshimu hoja hii. Dharau kwa watu wa kale ni uvivu, na filamu yenyewe imetengenezwa kwa ustadi mkubwa. Ule ukimya wa meza ya chakula wakati kila mmoja anaanza kumshuku dada mkubwa ni kazi ya mtu anayeijua familia. Ila hoja ina tundu. Mafuta ya mtoto mchanga hayakuwa kitu ambacho watu walikiona msituni. Yalikuwa shtaka. Yaliandikwa kwenye vitabu vya wawindaji, kikiwemo Malleus Maleficarum cha Heinrich Kramer kilichochapwa mwishoni mwa miaka ya 1480, kisha yakaingizwa kwenye maswali, kisha yakatolewa vinywani mwa watu walioning'inizwa kwa mikono. Unapolipiga picha shtaka kama tukio, hujaingia kichwani mwa jamii nzima. Umeingia kichwani mwa upande wa mashtaka peke yake.

Jamii hiyo haikuwa na kichwa kimoja. Mwingereza Reginald Scot aliandika kitabu kizima kupinga mashtaka ya uchawi mwaka 1584. Friedrich Spee, padri Mjesuiti aliyezungumza na wahukumiwa Ujerumani, alichapisha bila jina mwaka 1631 kitabu cha kuonyesha kwamba mateso yangemfanya mtu yeyote akiri, hata mapadri na majaji wenyewe. Na yupo Alonso de Salazar Frías, mmoja wa majaji wa Baraza la Kuhukumu Wazushi la Hispania (Inquisition), mahakama ya kanisa. Baada ya watu kuchomwa moto Logroño mwaka 1610, alitumwa kwenye vijiji vya Wabaski kukusanya maungamo. Alisikiliza watu 1,802, wengi wao watoto. Akawahoji mmojammoja kuhusu mahali na saa za mikutano yao ya usiku, akapima vyungu vya dawa walivyodai ni vya kichawi, akaona havina kitu. Alihitimisha kwamba pale mahali hapakuwa na wachawi wala waliorogwa mpaka watu walipoanza kuyazungumza na kuyaandika mambo hayo. Waswahili tunasema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Salazar aliona jinsi linavyokuja: linakuja kwa sababu limesemwa. Mwaka 1614 Baraza lilitoa maagizo mapya kwa kumfuata, na tangu hapo halikurudia tena kuchoma watu kwa tuhuma za uchawi kwa kiasi kile. Huyu alikuwa mtu wa dini, wa karne ileile, na wa taasisi ambayo sinema huitumia kama alama ya ukatili. Shaka yake nayo ni sehemu ya imani za enzi hizo, mbona hatuioni kwenye filamu?

Wapo pia wanaosema mchawi wa kweli wa kwenye filamu ni ushindi kwa wanawake, kwamba binti anayepaa mwishoni mwa The Witch akicheka amepata uhuru alionyimwa na baba na kanisa. Kama ndoto ya msanii, sawa. Kama kumbukumbu, inamvalisha marehemu vazi ambalo alikufa akilikataa. Mary Eastey angeweza kuishi kama angekubali kwamba ni mchawi, maana Salem waliokiri wengi hawakunyongwa. Alikataa.

Njia ya pili, ile ya mwindaji dubwana, inahitaji kutazamwa kwa karibu zaidi kwa sababu inapendwa na watu wenye nia njema. Mfano wake mkubwa ni Witchfinder General ya Michael Reeves, ya mwaka 1968, inayomhusu Matthew Hopkins aliyezunguka mashariki mwa Uingereza kati ya 1645 na 1647 na kusababisha kunyongwa kwa watu zaidi ya mia moja. Vincent Price, aliyekuwa na miaka zaidi ya 50, anamchora kama mtu mzima katili, mpenda fedha na wanawake, na mwishoni anakatwakatwa kwa shoka. Mtazamaji anaridhika. Lakini Hopkins halisi alikuwa kijana ambaye hakufika miaka 30, na alifia nyumbani kwao kwa maradhi. Tena hakuvamia miji kama mnyang'anyi. Aliitwa. Mji wa Stowmarket ulimlipa pauni 23 kutoka kwenye fedha za wananchi, wakati kibarua alipata peni chache tu kwa siku. Kesi yake ya kwanza, Manningtree, ilianza na fundi cherehani ambaye mke wake alikuwa mgonjwa na aliyetaka kujua nani amemroga. Kidole kikaelekezwa kwa Elizabeth Clarke, bibi maskini mwenye mguu mmoja. Majirani ndio waliokaa naye usiku baada ya usiku kuhakikisha halali usingizi, mpaka akaanza kutaja majina ya vijishetani vyake, kisha majina ya wanawake wengine. Waliomkesha walikuwa wanamjua. Shoka la kwenye filamu haliwagusi hao hata kidogo.

Kuna barua moja ambayo ningependa kila mwongozaji aisome kabla hajanunua damu ya bandia. Iliandikwa Julai 1628 na Johannes Junius, meya wa Bamberg, kwa binti yake Veronica, na ilitolewa gerezani kwa siri. Mikono yake ilikuwa imepondwa kwa vyuma hata kuandika ilikuwa taabu. Anasimulia kwamba baada ya mateso, mnyongaji mwenyewe alimsihi kwa ajili ya Mungu akiri chochote, atunge kitu, kwa sababu hataweza kuyastahimili yanayokuja. Akatunga. Walipotaka majina ya wenzake akakosa, wakampitisha mtaa kwa mtaa wa mji wake ataje wakazi. Huyu mnyongaji anayebembeleza si dubwana. Ana huruma, na huruma yake ndiyo inayolainisha kazi ya mahakama. Mtu wa namna hii anatisha kuliko mchawi yeyote wa msituni, lakini ni nadra kumkuta kwenye filamu hizi.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayorudiwa kuliko zote: kwamba ni filamu tu, watu wazima wanajua kutofautisha. Kama wangekuwa wanajua, kaburi la Bathsheba lisingeharibiwa. Na watengenezaji wenyewe wasingetumia fedha kutangaza kwamba ni kisa cha kweli; wanajua kwamba neno hilo ndilo linaloingiza hofu nyumbani kwa mtu. Zaidi ya hapo, tuhuma za uchawi si mambo ya makumbusho. Julai 2021 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu vitendo vyenye madhara vinavyotokana na tuhuma za uchawi, kwa sababu watu bado wanapigwa, wanafukuzwa na kuuawa kwa ajili hiyo. Nchini Nigeria, filamu ya kidini ya mwaka 1999, End of the Wicked, iliyoonyesha watoto wakila nyama za watu usiku na kuziangamiza familia zao, imelaumiwa na watetezi wa haki za watoto kwamba ilichochea wazazi kuwashuku na kuwatupa watoto wao. Walioitengeneza wamekana lawama hizo, na sidai kwamba filamu moja inaweza kubeba mzigo wa jamii nzima. Ila huwezi kuwaambia watoto waliofukuzwa nyumbani kwamba picha hazina nguvu.

Sitaki kueleweka kwamba aina hii ya filamu izikwe. Mwaka 1943, Denmark ikiwa chini ya Wanazi, Carl Theodor Dreyer alitoa Day of Wrath. Bibi mmoja anatafutwa, anajificha, anakamatwa, anateswa, anachomwa moto huku kwaya ya watoto wa kiume ikiimba kumsindikiza. Hakuna pepo hata mmoja. Baadaye mke kijana wa mchungaji anatamani mume wake afe, na mume anakufa kweli. Hatuambiwi kama ni bahati mbaya. Tunachokiona ni yeye mwenyewe akianza kuamini yale wanayomwambia, mpaka anakiri mbele ya jeneza. Dreyer aliamini imani ya watu wake kwa dhati kuliko wote waliomfuata, na hakuhitaji kuithibitisha kwa vipodozi. Hata Häxan ya mwaka 1922, yenye mashetani kila kona, inatuonyesha mfumaji mzee aliyeteswa akiwataja wanawake walewale waliomshtaki, na nyumba yao ikibomoka kwa utaratibu uleule walioutumia dhidi yake. Kumbe inawezekana kutisha bila kusingizia, na imewezekana kwa karne nzima.

Kwa hiyo ninachokidai kinatekelezeka. Majina halisi ya waliouawa yasitumike kama mapambo ya uovu. Maneno “kisa cha kweli” yasibandikwe pale ambapo ukweli wenyewe ni kwamba mtu alisingiziwa. Na waandishi wa filamu wafungue majalada, maana kumbukumbu za Salem zimewekwa kwenye intaneti, yeyote anaweza kuzisoma.

Humo watamkuta Rebecca Nurse, mwenye miaka 71, mgonjwa, mzito wa kusikia. Majirani karibu 40 walikuwa wametia saini waraka wa kumtetea, na baraza la wazee wa mahakama (jury) lilirudi na uamuzi kwamba hana hatia. Wasichana walioshtaki wakaanza kupiga kelele. Jaji mkuu William Stoughton akawauliza wazee kama walitilia maanani maneno fulani ya mshtakiwa. Mfungwa mwenzake aliyekuwa amekiri alipoletwa kutoa ushahidi, Rebecca alisema huyu ni mmoja wetu, akimaanisha mwenzao wa gerezani. Wazee wakarudi ukumbini kumuuliza alimaanisha nini. Hakujibu. Baadaye alieleza kwamba hakusikia, na moyo wake ulikuwa umejaa huzuni. Kwa kunyamaza kule uamuzi ukageuzwa, na Julai 19 akanyongwa. Filamu ninayoitamani ingekaa kwenye ukimya ule bila muziki: mzee anauliza, watu wanasubiri, bibi anatazama mbele yake, na kati ya wote waliojaa ukumbini hakuna hata mmoja anayemgusa bega kumwambia kwamba ameulizwa swali.